Nilimwambia Daktari Sijambo

Waheshimiwa wazee wetu, mama zangu, baba zangu, ndugu na vijana mliofika jioni hii licha ya theluji: asalaam aleikum, na Bwana asifiwe. Nawashukuru walioniomba nizungumze nanyi juu ya kuomba mafao ya ulemavu ya serikali ya Marekani pale maradhi yanapomtoa mtu kazini ghafla. Mimi si mwanasheria, wala sijawahi kuajiriwa na serikali. Ni mwanamke wa Tanga niliyekuja hapa Minnesota, nikahudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee kwa miaka kumi na moja, na tangu Februari 2022 mkono wangu wa kulia haujashika kijiko.

Ilikuwa zamu ya usiku, kiasi cha saa kumi alfajiri. Nilikuwa namgeuza kitandani bibi wa miaka tisini na moja ili nimwoshe mgongo, na kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kilikuwa mkononi mwangu. Kikaanguka. Niliinama kukiokota, vidole vikakataa kufumba. Nikajaribu kumwambia bibi yule kwamba narudi sasa hivi, maneno yakatoka kama ya mtu aliyejaza chakula mdomoni. Yeye, ambaye hakuweza hata kujigeuza mwenyewe, ndiye aliyenyoosha mkono akavuta kamba ya kengele, na hakuiachia mpaka watu walipoingia. Kilikuwa kiharusi. Niliwahishwa hospitali, nikaishi, nikatoka na mguu unaoburuta, mkono uliolala, na Kiingereza kilichonitosha kazini miaka yote ile kikawa kimeniponyoka. Kiswahili kilirudi kwanza, nacho kwa kusuasua.

Baada ya hapo nilikaa miezi mitano bila kuomba chochote. Niwaeleze sababu, kwa kuwa naamini wapo humu ndani wanaokaa kimya kwa sababu ileile. Niliona haya. Niliamini kwamba fedha ya serikali ni sadaka, na kwamba mtu aliyelelewa kufanya kazi hawezi kwenda kunyoosha mkono dirishani. Aliyenitoa katika mawazo hayo ni jirani yangu, mama wa Kikongo, aliyeniomba nimletee karatasi yangu ya mwisho ya mshahara. Akaniwekea kidole kwenye mstari ambao nilikuwa nimeuona kila baada ya wiki mbili na sikuwahi kuuliza maana yake.

Mstari huo kwenu pia upo. Katika karatasi nyingine umeandikwa FICA, katika nyingine OASDI. Ni makato ya Hifadhi ya Jamii, asilimia 6.2 ya mshahara wako, na mwajiri wako huongeza asilimia 6.2 nyingine kutoka mfukoni mwake. Ndani ya hiyo 6.2 yako, asilimia 0.9 inakwenda moja kwa moja katika mfuko wa bima ya ulemavu. Bima hiyo ilianzishwa kwa sheria aliyoitia saini Rais Eisenhower mwaka 1956, mwanzoni kwa watu wa miaka 50 hadi 64 tu, kisha mwaka 1960 sharti la miaka 50 likaondolewa. Kwa hiyo mwenzenu nilikuwa nimelipa bima kwa miaka kumi na moja, na nyumba ilipoungua nikaona haya kumwambia mwenye bima kwamba imeungua.

Mfuko huo wa bima unaitwa SSDI, na unasimamiwa na Mamlaka ya Hifadhi ya Jamii, yaani Social Security. Ili uupate ni lazima uwe umechangia kwa muda wa kutosha, na muda huo hupimwa kwa pointi. Mwaka 2025, kila dola 1,810 uliyolipwa na kukatwa kodi ilikupa pointi moja, na kwa mwaka mmoja huwezi kupata zaidi ya pointi nne. Mtu mwenye umri wa miaka 31 na kuendelea anatakiwa awe na angalau pointi 20 alizozipata katika miaka kumi iliyotangulia ulemavu, na jumla ya pointi huongezeka kadiri umri unavyokwenda: mimi niliyeugua nikiwa na miaka 52 nilitakiwa kuwa na 30. Kijana aliyeugua kabla ya kufikisha miaka 24 anahitaji pointi sita tu katika miaka mitatu, jambo ambalo vijana wengi hawalijui, nao hudhani hawana haki yoyote.

Nataka nikae kidogo hapa, kwa sababu naona madereva wa malori na kina mama wanaolea watoto nyumbani. Mtu anayelipwa fedha taslimu mkononi, au anayelipwa kama mkandarasi huru na mwisho wa mwaka hajazi kodi ya kujiajiri, hapati pointi hata moja, hata akifanya kazi usiku na mchana. Siku akianguka, rekodi yake kule itaonyesha sifuri. Tena, hata mwenye pointi nyingi akiacha kazi, kinga yake haidumu milele. Kwa kawaida huisha miaka mitano hivi baada ya kuacha kuchangia. Nimemwona baba mmoja aliyeacha kazi kwa ajili ya figo, akategemea wanawe kwa miaka saba kwa kuwa hakutaka usumbufu wa maofisini, na alipoomba akaambiwa athibitishe kwamba alikuwa hajiwezi tangu kabla ya kinga yake kuisha, wakati hospitali aliyotibiwa mwanzo ilikuwa imefunga mlango.

Asiye na pointi za kutosha ana mlango wa pili, unaoitwa SSI. Sheria yake ni ya mwaka 1972 na malipo yakaanza Januari 1974. Huo hautazami ulichangia nini. Unatazama kwamba wewe ni mlemavu, kipofu, au umefikisha miaka 65, na kwamba huna mali. Mtu mmoja hatakiwi kuwa na akiba inayozidi dola 2,000, mume na mke dola 3,000, ingawa nyumba unayoishi na gari moja havihesabiwi. Malipo ya juu kutoka serikali kuu mwaka 2025 yalikuwa dola 967 kwa mwezi kwa mtu mmoja. Nawaambia hivi kwa uchungu kwa sababu kiwango cha dola 2,000 hakijabadilika tangu 1989, na mama anayeweka fedha za upatu katika akaunti yake kwa niaba ya wenzake anaweza kukatiwa malipo kwa fedha ambazo hata si zake. Msiwawekee wagonjwa fedha za kikundi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndilo lililonileta mbele yenu. Sheria hii hailipi ugonjwa. Hailipi maumivu, hailipi huruma, wala haina ulemavu wa nusu. Inauliza kama hali yako ya mwili au ya akili inakuzuia kufanya kazi ya maana, na kama hali hiyo imedumu au inatarajiwa kudumu kwa miezi 12 au kukufisha. Kazi ya maana maana yake ni ile inayokuingizia zaidi ya kiwango kilichowekwa, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 1,620 kwa mwezi. Na jibu la swali hilo hutafutwa katika maandishi. Anayeamua ombi lako kwa mara ya kwanza ni afisa wa ofisi ya jimbo ya tathmini ya ulemavu, ambaye kwa kawaida hatakuona kwa macho. Atasoma. Kilichoandikwa ndicho kilichopo.

Na sisi waswahili, ndugu zangu, kuna mahali ambapo adabu yetu inatuangusha. Tumelelewa kwamba ukiulizwa hujambo, unajibu sijambo. Mtu yuko msibani, macho yamevimba, anaulizwa habari za tangu asubuhi, anasema nzuri, halafu ndipo anaongeza kwamba isipokuwa tumefiwa na baba. Hiyo ni heshima, na siwaombi muiache mnapoamkiana. Lakini mimi niliibeba mpaka chumba cha daktari. Daktari anaingia, anatabasamu, anauliza unaendeleaje. Nami nilikuwa nimevaa vizuri, nimejifunga kilemba, nimejikaza, najibu naendelea vizuri, tunamshukuru Mungu. Anaandika. Mwezi unaofuata hivyohivyo. Faili langu lilipofunguliwa baadaye, tulikuta mahudhurio saba ambayo juu yake pameandikwa kwamba mgonjwa anasema anaendelea vizuri na hana malalamiko mapya. Afisa aliyesoma ombi langu alifanya kazi yake sawasawa. Mimi ndiye niliyemwambia, kupitia kalamu ya daktari, mara saba, kwamba sijambo.

Kulikuwa na jambo zito zaidi. Katika miezi ya mwanzo nilikwenda kliniki na binti yangu, wakati huo akiwa na miaka kumi na mitano, ili anitafsirie. Daktari aliuliza kama nina shida ya kujizuia haja ndogo. Nilimjibu binti yangu kwa sauti ya chini kwamba usiku nimelowesha kitanda mara tatu wiki ile. Nilimwona akitazama viatu vyake. Kisha akamwambia daktari neno moja, na neno hilo lilikuwa hapana. Mtoto hakukusudia uongo. Alinisitiri mama yake. Nani kati yetu atamlaumu? Lakini jambo lile lingekuwa sehemu ya ushahidi wa kile kiharusi kilichonifanyia, nalo halikuandikwa popote kwa mwaka mzima. Kliniki au hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inatakiwa kukupa mkalimani bila malipo, ana kwa ana au kwa simu, na hairuhusiwi kumtegemea mtoto kutafsiri isipokuwa katika dharura. Social Security nayo hutoa mkalimani bure, kuanzia siku unapopiga simu hadi siku ya kusikilizwa kesi. Sema neno Swahili unapopanga miadi. Mwache mtoto akae nje asome kitabu chake.

Kuhusu namna ya kuanza, nitasema kwa ufupi. Unaweza kuomba kwa mtandao, kwa kufika ofisini, au kwa simu 1-800-772-1213. Usisubiri ukamilishe karatasi zote ndipo upige simu, kwa sababu tarehe uliyojulisha nia yako ya kuomba inaweza kulindwa ikahesabiwa kuwa ndiyo tarehe ya ombi lako. Kwa SSDI wanaweza kukulipa hadi miezi 12 nyuma ya ombi ikiwa ulikuwa tayari hujiwezi, lakini kwa SSI hakuna malipo ya nyuma ya ombi, kwa hiyo kila mwezi wa kuona haya ni mwezi uliopotea. Andaa majina na anwani za kila mahali ulipotibiwa, dawa zote na kiwango chake, na kazi zako. Utatia saini fomu ya SSA-827 inayowaruhusu kuchukua rekodi zako hospitalini. Wakikutuma kwa daktari wao, ambaye wao ndio wanaomlipa, nenda hata kama barafu imefunika barabara. Asiyekwenda bila kutoa sababu huweza kukataliwa kwa kutokwenda tu.

Fomu inayotaka muda wenu ni SSA-3373, inayouliza maisha yako ya kila siku. Inauliza unafanya nini tangu unapoamka hadi unapolala, unavaaje, unaogaje, unapikaje. Swali la kupika nililijibu kwa neno moja: ndiyo. Niliona aibu mwanamke mzima kuandika kwamba sipiki. Sasa niwaonyeshe ukweli uliokuwa ndani ya ile ndiyo. Ugali unahitaji mikono miwili. Mkono mmoja unasonga kwa mwiko, wa pili umeshika sufuria kwa kitambaa. Mimi nilibaki na mkono wa kushoto tu, kwa hiyo nilipoanza kusonga, sufuria nayo ikawa inazunguka pamoja na mwiko juu ya jiko, na unga ukibaki mbichi kwa chini. Siku moja sufuria iliteleza ikamwaga uji wa moto karibu na mguu wangu wa kulia, ule usiosikia vizuri, na sikujua kwamba nimeungua mpaka binti yangu alipoona ngozi. Tangu siku hiyo yeye hushika sufuria nami nasonga, napumzika mara mbili kabla haujaiva, na kazi ya dakika kumi na tano inachukua saa nzima. Hilo ndilo jibu la swali la kupika. Ndiyo ni jibu la mtu mwingine mwenye afya.

Andikeni hivyo. Mkiulizwa kama mnavaa wenyewe, semeni nani anafunga kifungo na kama mmeacha kabisa nguo zenye vifungo. Mkiulizwa kama mnakwenda kanisani au msikitini, semeni mnakaa kwa muda gani kabla ya kulazimika kutoka, nani anawashika ngazini, na kesho yake mnalala saa ngapi kufidia. Wala msiongeze chumvi. Anayeandika kwamba hawezi kuinua hata kikombe, kisha daktari akaandika kwamba aliingia amebeba mkoba, ameliharibu faili lake lote, kwa sababu msomaji hatajua tena aamini lipi. Siku yenye nafuu iandikwe kuwa siku yenye nafuu, na idadi ya siku mbaya katika mwezi iandikwe pia. Mimi sasa naweka daftari dogo kando ya kitanda, na kabla ya kwenda kwa daktari naandika mambo matatu ambayo siwezi, nikimkabidhi mkononi ili salamu zangu zisije zikayafunika.

Naomba pia msiogope kutaja akili. Baada ya kiharusi nilisahau jina la mtaa wangu, nikalia bila sababu, nikakaa wiki tatu nisitake kuona mtu. Nyumbani tungeliita jambo hilo mawazo, tukasema litapita. Sheria inalihesabu, ikiwa limepimwa na kuandikwa na mtaalamu.

Nilikataliwa Januari 2023. Barua ilisema kwamba hali yangu ni mbaya lakini si kiasi cha kunizuia kufanya kazi nyingine. Nililia, halafu nikaiweka barua ndani ya Biblia, na ilikuwa karibu sana niiache humo. Tafadhali nisikilizeni kwa makini hapa. Maombi mengi hukataliwa katika ngazi ya kwanza, na kukataliwa huko si hukumu kwamba umedanganya. Una siku 60 za kukata rufaa tangu unapoipokea barua, nao huchukulia kwamba umeipokea siku tano baada ya tarehe iliyoandikwa juu yake, isipokuwa uthibitishe vinginevyo. Rufaa ya kwanza ni kuangaliwa upya na mtu mwingine katika ofisi ileile ya jimbo. Ya pili ni kusikilizwa na hakimu. Baada yake lipo Baraza la Rufaa, na baada ya hapo mahakama ya serikali kuu. Wengi wetu, badala ya kukata rufaa, huanza ombi jipya toka mwanzo wakidhani ni njia safi zaidi. Kufanya hivyo kunaweza kukupotezea miezi mingi ya malipo ya nyuma, na kama kinga yako ya pointi inakaribia kuisha, kunaweza kukupotezea kila kitu.

Niliomba msaada. Mwakilishi anayekubali kesi ya aina hii kwa kawaida halipwi usiposhinda. Ukishinda, hukatwa asilimia 25 ya malipo ya nyuma, na kima cha juu kwa makubaliano ya kawaida kilipandishwa kuwa dola 9,200 kuanzia Novemba 30, 2024. Mtu anayewaomba mia tano za kufungulia faili, hata kama mnasali naye, mkatalieni. Kwa hapa Minnesota ipo pia huduma ya bure ya jimbo inayoitwa Disability Hub MN, ambayo inaweza kukuelekeza, na wakati unasubiri unaweza kuulizia katika kaunti yako msaada wa fedha wa General Assistance na bima ya Medical Assistance.

Rufaa ya kwanza nayo ilikataliwa, Julai 2023. Nilifika mbele ya hakimu Februari 2024, miaka miwili kamili baada ya kitambaa kuniponyoka. Palikuwa chumba kidogo, bila majoho ya kutisha niliyoyatarajia: hakimu, mwakilishi wangu, mkalimani, na mtaalamu wa kazi aliyeitwa kueleza kazi zinazopatikana nchini. Hakimu alisoma yale mahudhurio saba. Akaniuliza, kwa upole kabisa, kwa nini mara saba nilimwambia daktari naendelea vizuri, na leo nasema siwezi. Nilimweleza kuhusu hujambo na sijambo. Nilimwambia kwamba kwa lugha yangu sikuwa nimejibu swali lake la ugonjwa, nilikuwa nimemrudishia salamu. Mkalimani, ambaye hakutakiwa kuongeza neno lake, alitulia kidogo kabla ya kutafsiri, akitafuta namna. Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza kuhusu ugali.

Mwakilishi alinieleza baadaye jinsi maamuzi yanavyopimwa. Huuliza kwanza kama unafanya kazi ya maana, kisha kama maradhi ni mazito, kisha kama yanalingana na yale yaliyomo katika orodha yao, ambako kwa kiharusi kwa kawaida hutaka ushahidi wa angalau miezi mitatu baada ya tukio. Kama hayalingani, huuliza kama unaweza kurudia kazi ya zamani. Wakati wangu walitazama kazi za miaka 15 iliyopita, lakini tangu Juni 2024 wanatazama miaka mitano tu. Mwisho huuliza kama ipo kazi nyingine yoyote unayoiweza, na hapo umri una uzito. Aliyefikisha miaka 50 hupimwa kwa kukubali kwamba kuanza ufundi mpya ni kugumu, na aliyefikisha 55 zaidi. Zamani kutojua Kiingereza nako kulihesabiwa katika kiwango cha elimu, lakini kanuni hiyo iliondolewa kuanzia Aprili 27, 2020. Wapo wanaowaambia wazee wetu waende wakaseme hawajui Kiingereza na watapewa. Hawatapewa kwa hilo, na wanapoteza nafasi ya kueleza mgongo na magoti yao.

Barua ya kukubaliwa ilikuja Aprili 2024. SSDI ina miezi mitano kamili ya kusubiri ambayo hailipwi. Kwa kuwa niliugua katikati ya Februari 2022, ilihesabiwa Machi hadi Julai, na haki yangu ikaanza Agosti 2022. Bima ya matibabu ya Medicare huja miezi 24 baada ya hapo. Wenye ugonjwa wa ALS, ule unaoua neva zinazoendesha misuli, ndio waliosamehewa kusubiri huko kote kuwili. Na binti yangu, kwa kuwa alikuwa chini ya miaka 18, naye alistahili malipo yake kwa jina langu, jambo ambalo hakuna aliyeniambia mpaka nilipouliza. Ulizeni kuhusu watoto.

Yapo mawili yanayowahusu sana watu wetu. La kwanza ni safari ya nyumbani. Mgonjwa anatamani kwenda kukaa na mama yake, na simlaumu. Lakini malipo ya SSI husimama ukikaa nje ya Marekani siku 30 mfululizo, na asiye raia anayepokea SSDI anaweza kusimamishiwa akikaa nje zaidi ya miezi sita, kutegemea nchi na hali yake. Ukitibiwa Dar es Salaam, Nairobi au Bukavu, rudi na ripoti yenye muhuri, la sivyo faili litaonyesha pengo, na pengo husomwa kana kwamba ulipona.

La pili ni la ndugu zetu waliokuja kama wakimbizi. Kwa mkimbizi ambaye si raia, SSI ina ukomo wa miaka saba tangu alipopewa hadhi hiyo. Mzee kutoka kambi ya Nyarugusu aliyefika mwaka 2019 anafikia ukomo wake mwaka 2026, na wapo waliokatiwa bila kujua kwamba saa ilikuwa inahesabu. Dawa yake ni uraia, ambao mkimbizi anaweza kuuomba baada ya miaka mitano, na mzee ambaye ulemavu wake unamzuia kujifunza Kiingereza na historia anaweza kuomba kusamehewa mtihani huo kwa fomu ya N-648 inayojazwa na daktari. Hesabuni miaka ya wazee wenu usiku wa leo mkifika nyumbani. Msingoje barua.

Nimeleta nakala za fomu ya SSA-3373, na kalamu. Nitakaa kwenye meza iliyo karibu na mlango mpaka saa tatu watakapofunga ukumbi, pamoja na binti yangu, ambaye sasa ni mtu mzima na amejitolea mwenyewe kuja. Mwenye barua ya kukataliwa aliyoipokea katika miezi miwili hii aje wa kwanza, hata kama amekaa nyuma, ili tutazame tarehe pamoja na tuhesabu siku zilizobaki.